Mimi karani wa forodha, CV yangu inasema mfagiaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, na huu ni mwaka wa sita nikiwa karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Kazi naijua. Lori likifika kutoka Mombasa, mimi ndiye ninayeingiza tamko lake kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, nafuatilia mpaka kodi ilipwe, kisha nakimbia na karatasi dirisha hadi dirisha mpaka gari liachiwe. Dereva analala hotelini kama sijafanya kazi yangu, na kama nimeifanya analala Kampala.

Ofisi yetu sasa imebaki na magari ya kuhesabu. Mshahara unakuja nusu nusu, na mke wangu ana mimba ya pili. Tangu Januari naomba kazi Kampala, Jinja, hata Mbarara. Nimehesabu maombi 34. Walionijibu ni wawili tu. Wa kwanza alitaka nimtumie shilingi laki moja na nusu "za kufungua faili" kabla ya usaili. Nikazima simu.

Wa pili ndiye aliyenifanya nikuandikie. Ni mama mmoja kutoka kampuni ya Kampala, anaongea taratibu kama anamsomea mtoto. Akasema, "Nafasi ya usafi tulishaijaza, lakini barua yako inaomba nafasi ya forodha. Wewe unataka ipi?" Nikamwambia forodha, mama, usafi sijawahi kuomba. Akasema, "Basi fungua CV yako usome mstari wa kwanza chini ya uzoefu." Nikaifungua kwenye simu, nikiwa nimesimama kati ya malori. Imeandikwa "Cleaning and Forwarding Clerk". Badala ya "clearing", yaani kutoa mizigo forodhani, Shangazi. Herufi moja tu. Akaniambia, "Teremka mstari mmoja." Hapo nilitaka kuandika kwamba nilikuwa nikimkaimu "Assistant Manager". Imeandikwa "Assistant Manger". Akacheka kidogo, akasema nafasi ya forodha nayo ilifungwa Ijumaa, labda siku nyingine.

Nilipofika nyumbani nikaisoma yote. Juu kabisa inasema lengo langu ni kukua katika sekta ya hoteli! Niliichukua kwa rafiki yangu anayefanya kazi hotelini Entebbe, nikabadilisha jina.

Hiyo ndiyo niliyotuma kwenye ofisi 34.

Sasa kila mtu ni bingwa. Shemeji yangu anasema nilipe elfu themanini, kuna jamaa Wandegeya anatengeneza CV zinazong'aa. Mwenzangu ofisini anasema nimpe ChatGPT, dakika moja imekwisha. Baba mdogo, polisi mstaafu, anasema tatizo ni uchache wa kurasa: yangu ina mbili na ya mtu mzima haipungui tano. Binamu naye ana rafiki Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, anasema maadamu naitengeneza upya, ile diploma tuifanye digrii kabisa. Mimi mwenyewe naogopa kitu kingine. Nyumbani tunaongea Ateso, kazini Kiswahili, Kiingereza nilikitolea jasho mpaka S.6, mwisho wa sekondari. Naona hata nikiisoma mara kumi sitaona kosa, kwa sababu hiyo ya kwanza niliisoma mara kumi.

Nimekuambatishia CV yenyewe. Nianzie wapi?

Karani wa Malaba

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, nisamehe. Nimecheka pale kwenye "manger", kwa sababu neno hilo lipo kweli kwenye Kiingereza: ni hori, lile la kulishia ng'ombe. Kwa miezi kadhaa umekuwa ukiziambia ofisi za Uganda kwamba wewe ni Hori Msaidizi. Halafu nikaacha kucheka, maana nimeisoma CV yako mpaka chini na kuna jambo ambalo yule mama hakukuambia.

Namba yako ya simu ina tarakimu tisa.

Ihesabu. Inaanza na sifuri saba, inakwenda vizuri, inaishia ya tisa. Namba zetu zikianza na sifuri zinakuwa kumi. Ukiweka +256 ndipo sifuri inaondoka zinabaki tisa. Wewe umeweka sifuri na bado zimepungua. Yule mama alikupata kwa sababu kwenye barua ya maombi uliandika namba kamili. Wangapi wengine walijaribu ile ya kwenye CV wakaambiwa na mashine kwamba namba haipo? Mimi sijui, wala wewe hutajua. Ndiyo maana naanzia hapo na siyo kwenye "cleaning". Kosa la neno linakuaibisha, lakini la namba linakufukia kimya kimya.

Na wewe, katika watu wote, ungelijua hilo. Kila siku unashika namba za kontena: herufi nne, tarakimu saba. Ile tarakimu ya saba haihesabu kitu, kazi yake ni kuzikagua zile nyingine. Ukikosea herufi moja hesabu karibu kila mara inakataa, na mfumo unaoikagua unakupigia kelele hapo hapo. Ungeingiza tamko la lori bila kulinganisha namba na karatasi ya mzigo? Dereva angekuua. Basi CV haina tarakimu ya kukagua. Haipigi kelele. Inapokea kila uongo unaoipa na kwenda nao Kampala.

Umeniuliza kwa nini hukuona, na umeanza kujilaumu kwa Kiingereza. Acha. Nilifanya kazi ya ukatibu Jinja enzi za taipureta, miaka kumi na kitu, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri, na bado nilipeleka barua kwa bosi aliyekuwa mwanaume nikiwa nimeandika "Dear Madam". Aliisaini mwenyewe bila kuona! Mtu aliyeandika kitu hakisomi, anakikumbuka. Jicho linapita, moyo unajaza. Wewe unapoona "clea" moyo unamalizia "ring", kwa sababu ndiyo kazi yako ya kila siku. Mgeni yeyote, hata mtoto wa S.2, angeona "cleaning" mara moja, kwa sababu yeye hana cha kujazia.

Kompyuta nayo usiitegemee hapo. Ule mstari mwekundu unauliza swali moja tu: neno hili lipo? "Cleaning" lipo. "Manger" lipo. Haulizi kama ni la kwako. Makosa yanayopigiwa mstari ni yale ya wazi, na nimeona mengi. Kuna ndugu zetu wanaoandika "Lepresentative" kwa sababu kwenye Kiganda r hukaa baada ya e na i, kwingine ni l. Si ujinga, ni sheria ya lugha moja imeingia nyumba ya pili bila hodi, na hayo kompyuta huyakamata. (Ila kwanza iambie kompyuta yenyewe kwamba unatumia Kiingereza cha Uingereza, maana nyingi huja zimepangwa kwa cha Marekani, na "centre" na "programme" zako zitapigwa mstari bure mpaka uzoee kuupuuza.) Yale yanayokuua wewe ni yaliyovaa nguo safi.

Lakini hata tukisafisha herufi zote, nitakuwa nimekudanganya nikisema tumemaliza. Nimekaa na hiyo CV nikajaribu kuhesabu mikono. Mkono wa kwanza ni wa rafiki yako wa Entebbe: lengo ni lake, na ule mstari wa "uzoefu wa miaka minane" nao nadhani ni wake, kwa sababu ukurasa wa pili unaonyesha ulianza kazi 2019. Mkono wa pili ni wa kijana wa duka la stesheneri, ndiye aliyeweka ule mpaka wa maua na fonti tatu tofauti. Wa tatu ni simu yako, ambayo nadhani ndiyo iliyokubadilishia "clearing" ukiwa unaandika haraka. Mkono wako sijauona popote. Ndiyo maana hukuweza kuirekebisha: mtu hawezi kukagua karatasi ambayo hajui kila mstari wake umetoka wapi.

Soma mwenyewe unavyojieleza. Kwa Kiswahili mstari wako unasema: "Nilihusika na usafishaji wa bidhaa na majukumu mengine kama nitakavyopangiwa na hori." Tutoe kusafisha, tutoe hori. Kinabaki nini? Kwamba ulihusika na bidhaa. Hata anayelala juu ya magunia anahusika na bidhaa.

Sasa soma ulivyoniandikia mimi: lori likifika kutoka Mombasa, mimi ndiye ninayeingiza tamko lake kwenye ASYCUDA, nafuatilia kodi, nakimbia hadi gari liachiwe. Mwanangu, hiyo ndiyo CV! Umeiandika tayari, umeituma kwa mtu asiye na kazi ya kukupa. Ichukue hiyo sentensi, kaa nayo, ijaze. Matamko mangapi kwa wiki, kwa kawaida? Usiseme mengi, sema idadi ambayo bosi wako akiulizwa hatashangaa. Mizigo gani: ngano, mafuta, magari yaliyotumika? Ya kuingia Uganda tu, au ya kupita kwenda Juba na Kigali na Goma? Anayejua kazi hii akiona neno "transit" anaelewa kwamba unajua dhamana, unajua lakiri za kielektroniki, unajua gari likipotea njiani ni nani anaitwa. Na mwaka 2020, malori yalipokuwa yamejipanga kilomita na kilomita hapo Malaba madereva wakisubiri kupimwa korona, wewe ulikuwa wapi? Kama ulikuwa dirishani, andika. Mwajiri wa forodha anaikumbuka hiyo foleni kuliko unavyodhani.

Ukiipeleka kwenye Kiingereza, anza kila mstari na kitendo chenyewe, na kwa kuwa bado uko kazini kitendo kiwe cha wakati uliopo: "Lodge", "Follow up". Usianze na "Responsible for". Hilo linasema ulipewa kazi, halisemi kama uliifanya.

Halafu kuna kitu kimenikera kweli. Cheti chako cha forodha cha Afrika Mashariki, EACFFPC, kile kinachomfanya mtu aitwe wakala na siyo mpiga porojo wa mpakani, umekiweka wapi? Chini ya ukurasa wa pili, baada ya "kutazama mpira na kutafuta marafiki". Nilikaribia kutokiona. Kipandishe juu, mara baada ya jina na simu. Mpira uondoke, marafiki waondoke.

Waondoke na wengine: dini, kabila, umeoa, jina la baba, namba ya kitambulisho cha taifa. Najua fomu zetu za zamani ziliuliza yote hayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri kukubagua kwa dini au asili yako, sasa kwa nini umkabidhi fimbo halafu umwombe asikupige? Namba ya kitambulisho utawapa siku ya mkataba. Ikizurura kwenye barua pepe 34 inaweza kukopewa hela. Shule ya msingi nayo itoe. Alama za P.7 za mwaka 2009 hazitaachia lori.

Ulichosahau ni lugha. Umeandika "English" peke yake, kana kwamba ndiyo lugha unayotumia kule. Madereva wako wanatoka Mombasa na wengine Tanzania, ofisi za upande wa pili ni za Wakenya. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwenye katiba tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Kuna mameneja Kampala wanaotafuta mtu wa kuongea na Mombasa bila mkalimani, na wewe unaficha. Andika: Kiswahili, kusema na kuandika. Ateso pia, na kama unajikongoja kwa Dhopadhola, sema unajikongoja.

Baba mdogo mpe heshima yake, ila kurasa mbili zinatosha. Jeshini na polisi faili linavyonenepa ndivyo mtu anavyopanda. Kwenye kampuni binafsi ni kinyume. Nilipokuwa Jinja bahasha zililetwa kwenye kikapu cha nguo. Sikuwa mkatili, nilikuwa na kikapu. Nilitafuta mambo matatu: umefanya kazi gani, kwa muda gani, nakupataje. Aliyenificha hayo kwenye ukurasa wa nne nilimweka pembeni nikisema nitamrudia. Sikumrudia. Ukitaka kazi ya serikali hiyo ni habari nyingine, huko kuna fomu namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, na humo jaza kila wanachouliza, hata P.7.

Kuhusu kukagua sasa. Iprinti, usikague kwenye simu. Siku hiyo hiyo usiiguse, ilale. Kesho yake mkae na mke wako mezani, yeye ashike vyeti na kitambulisho, wewe ushike CV na kalamu nyekundu. Yeye asome cheti kwa sauti, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, wewe uweke alama. Asisome CV, asome cheti, hapo ndipo watu wanapokosea. Ni kama ukaguzi wa mzigo: huanzi na kontena ukatafuta karatasi ya kufanana nayo. Jina kwanza. Waganda wengi tumebatizwa mara mbili, mara moja kanisani au msikitini na mara moja na mwalimu wa P.7 aliyeandika alivyosikia. Kama diploma inasema hivi na kitambulisho cha taifa vile, CV ifuate kitambulisho, na tofauti nenda kwa wakili wa Tororo akuandikie hati ya kiapo mapema, si siku unapoitwa.

Jina na miaka vikishalingana na vyeti, soma maneno kwa sauti kutoka mstari wa mwisho kupanda juu. Kwa nini juu? Kwa sababu ukishuka moyo unaanza tena kujaza. Ukipanda kila mstari unakuwa mgeni. Funika ya chini na rula. Utajisikia mpumbavu, na utaona makosa.

Halafu mpe mtu mmoja ambaye hajui forodha. Kule kwenu hakukosi mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Mnunulie soda, mwambie usinisifu, nizungushie duara usichoelewa. Akizungushia "ASYCUDA" iache. Akizungushia kingine chochote, rekebisha.

Wadhamini wapigie wote watatu kabla hujatuma. Mmoja wako ni mwalimu mkuu wa S.4, mwaka 2013. Bado yuko kwenye namba ile? Anakukumbuka? Mweke bosi mliyefanya naye kazi, hata wa ofisi jirani ya mpakani.

Jamaa wa Wandegeya sina ugomvi naye, elfu themanini si dhambi. Mpime kwa jambo moja: atakuuliza maswali? Kama anachukua CV na hela na kukuambia rudi saa kumi, huyo ni mpaka rangi, atakupakia rangi ya samawati juu ya "cleaning". Kama anakukalisha na kukuuliza lori lilikuwa la nani na uliliachia vipi, mlipe.

ChatGPT ni hivyo hivyo. Mwambie akuorodheshee makosa ya tahajia na sarufi, asibadilishe kitu, kisha wewe ndiye ubadilishe. Ukimwambia "ipendezeshe" atakupa mtu mwingine. Niliona CV ya kijana wa duka la vipuri lenye watu wawili, yeye na mwenye duka, imeandikwa "spearheaded", kwamba aliongoza mageuzi. Usaili ukamuuliza mageuzi yapi. Na kabla hujambandikia chochote, futa jina na namba zako.

Nasser Road hapana. Kughushi cheti ni jela, na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na vyuo huthibitishia waajiri matokeo kila siku. Mwambie binamu kwamba Shangazi hakujibu zaidi ya hapo. Yule wa laki moja na nusu ulimfanyia sawa.

Faili litoke kama PDF, maana ile ya Word ikifunguliwa kwenye simu ya mtu maua yako yanahamia kwenye miaka. Na lisiitwe "CV NEW final2 mpya". Liitwe kwa jina lako na neno CV, basi. Anwani yako ya "topboymalaba" mwachie topboy, fungua nyingine. Jitumie kwanza mwenyewe, uifungue kwenye simu ya mke wako, na ile namba ya juu uiguse kwa kidole uone kama simu yako inalia.

Zile ofisi 33 usizizungukie na msamaha, hawakukumbuki. Tuma upya pale tu unapoona tangazo jipya.

Yule mama ndiye mwandikie. Alikuwa na kikapu chake na bado alikupigia, na aliuliza kabla ya kukutupa. Mistari minne, Kiingereza chepesi, jina lake kama alivyolitamka, na kabla hujabonyeza mpe mkeo aisome: "Mama, asante kwa simu ya wiki ile kuhusu CV yangu. Ulisema kweli, nimeirekebisha. Mimi ni karani wa forodha Malaba, nina cheti cha EACFFPC na miaka sita ya ASYCUDA, na CV sahihi nimeiambatisha. Nafasi ya forodha ikifunguka tena, naomba unikumbuke."

Kisha angalia kama umeiambatisha.